Jinsi ya kuchagua mbeleko au kibebeo kwa mtoto mzito

Mwanangu wa pili alipofikisha miezi minane, mshale wa mizani ya kliniki ulisimama kwenye kilo 10.2. Muuguzi akaweka nukta kwenye kadi, akanipongeza, nami nikamfunga mtoto mgongoni kwa kanga ileile niliyokuwa nikimbebea dada yake, nikaanza kurudi nyumbani kwa miguu. Nilisimama mara tatu njiani kumpandisha, kila mara fundo likiwa limeteremka kutoka kifuani hadi tumboni, bega la kulia likiwaka moto na mtoto akilalamika kwa sababu alikuwa ameshuka hadi kwenye makalio yangu na miguu yake inaning'inia. Kanga ile ilikuwa nzima, na kufunga nilijua. Dada yake, ambaye katika umri huohuo alikuwa na kilo saba na kitu, nilimbeba nayo kutwa nzima bila kuona tatizo. Makosa madogo ya ufungaji ambayo mtoto mwepesi alikuwa akiyasamehe, huyu mzito aliyafichua yote siku moja.

Ninayoyaeleza hapa nimeyapata kwa kujaribu mwenyewe, kwa kuwauliza kina mama wenye watoto mabonge, na kwa kuwasikiliza wahudumu wa afya. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na ndivyo ushauri mwingi kuhusu kubeba mtoto unavyotolewa: anayekwambia "mfunge tu vizuri" hajaubeba uzito wa mwanao kutoka sokoni hadi nyumbani. Kwa hiyo nitaanza na uzito wenyewe, kisha niingie kwenye vitambaa, mikanda na mishono.

Uzito na umri ni vitu viwili

Kwa viwango vya ukuaji vya Shirika la Afya Duniani, mtoto wa kiume wa wastani huwa na kilo 7.9 akiwa na miezi sita, kilo 9.6 akitimiza mwaka mmoja na kilo 12.2 akitimiza miwili. Kwa mtoto wa kike ni kilo 7.3, 8.9 na 11.5. Hata hivyo mtoto wa kiume anaweza kufikisha kilo 12 katika mwaka mmoja na bado akawa ndani ya mipaka ya kawaida, ndiyo maana naomba msomaji asione haya kuwa na mtoto mzito wala asianze kumpunguzia chakula ili abebeke. Kama uzito unakutia wasiwasi, mhudumu wa kliniki ataulinganisha na urefu wake na kukupa jibu sahihi.

Jambo ambalo wengi hulikosea ni kudhani kwamba mtoto mzito ni mtoto aliyekomaa. Mtoto wa miezi minne mwenye kilo 8.5 ana mwili wa mtoto wa miezi minane, lakini shingo yake ni ya miezi minne, na uti wa mgongo wake haujaweza kumkalisha. Vibebeo vingi vya dukani huandikwa kilo pekee kwa maandishi makubwa, mzazi naye huchagua kwa kilo hizo na kumweka mtoto mchanga kwenye kibebeo kilichotengenezwa kwa ajili ya mtoto anayekaa mwenyewe. Chagua kwanza kwa kuangalia anachoweza kufanya: je, anashika shingo bila kuyumba, na je, anaweza kukaa kwenye mkeka bila kushikwa? Kama bado hajashika shingo, abebwe kifuani akiwa wima, kitambaa kikimshika mgongo wote hadi kwenye kisogo, mahali ambapo unauona uso wake na unaweza kumbusu utosini kwa kuinamisha kichwa kidogo tu. Kidevu chake kisizame kifuani. Iache nafasi ya vidole viwili kati ya kidevu na kifua, kwa kuwa mtoto mdogo akikunjamana njia yake ya hewa inaweza kuziba bila yeye kutoa sauti yoyote. Kwa sababu hiyohiyo, asilazwe chali ndani ya kitambaa kama aliye kwenye machela na kufunikwa uso.

Kile namba ya kilo iliyoandikwa kwenye kibebeo inachokwambia ni kwamba kitambaa, mishono na vifungo vinaweza kuhimili uzito huo. Haisemi lolote kuhusu mgongo wako.

Mahali uzito unapoegemea

Chukua ndoo yenye maji lita kumi, ambayo ni sawa na kilo kumi, uishike kwa mikono miwili ikigusa kifua. Kisha isogeze mbele kwa kunyoosha mikono. Maji hayajaongezeka, lakini kiuno kinalia. Mtoto mzito aliyefungwa kwa kulegea, akaachana na mwili wako kwa upana wa kiganja tu, anakuvuta namna hiyohiyo, na ili usianguke nyuma inakubidi uiname mbele siku nzima. Ndiyo maana sharti la kwanza la starehe ni mtoto kuwa juu na kubana: akiwa mgongoni, kidevu chake kiwe usawa wa sehemu ya juu ya mabega yako, kifua chake kigusane na mgongo wako, na ukiinama kidogo asiachane nao.

Sharti la pili ni uzito kugawanyika. Binadamu ana sehemu mbili za kutulizia mzigo wa mwilini, mabega na nyonga, na kati ya hizo nyonga ndizo zenye nguvu zaidi kwa sababu zimeshikana moja kwa moja na miguu. Mtoto akiwa na kilo sita bega moja linaweza kumudu kwa muda. Akipita kilo tisa au kumi, bega moja litachoka haraka, mabega mawili yatavumilia kiasi, na mabega mawili pamoja na mkanda mpana wa nyonga vitakuwezesha kutembea saa nzima.

Sharti la tatu linamhusu mtoto mwenyewe, nalo ni kalio, yaani sehemu ya kitambaa anayokalia. Mtoto anayebebwa akae kama aliyechuchumaa, makalio yakiwa chini kuliko magoti, mapaja yamepanuka kukumbatia mwili wako, na kitambaa kimshike kutoka nyuma ya goti moja hadi nyuma ya goti jingine. Bibi zetu walikuwa wakibeba hivyo bila kufundishwa na mtu, na wataalamu wa mifupa wanaeleza kwamba mkao huu wa kupanua miguu husaidia fupa la paja kukaa vizuri kwenye tundu lake la nyonga. Japani, ambako desturi ilikuwa kuwafunga watoto wachanga miguu ikiwa imenyooka, ilianzishwa kampeni mwaka 1975 ya kuwaomba wazazi waache, na matatizo ya nyonga kwa watoto yakapungua sana.

Sasa ikumbuke ile suruali ya mizani ya kliniki ya kuning'iniza. Mtoto huvalishwa, hutundikwa kwenye ndoano, na uzito wake wote hushikwa na ukanda mwembamba unaopita katikati ya miguu, mapaja yakining'inia. Kwa nusu dakika ya kupima hakuna ubaya. Lakini vibebeo vingi vya bei nafuu vinavyopangwa kwenye maduka ya vifaa vya watoto vimeshonwa kwa muundo huohuo: kalio la kibebeo lina upana wa kiganja, miguu inaning'inia, na mara nyingi mtoto hutazamishwa mbele. Kwa mtoto wa kilo kumi muundo huo humuumiza yeye kwenye mapaja na kukuumiza wewe kwenye mabega na kiuno, kwa kuwa mgongo wake hauwezi kukumbatia mwili wako na uzito wote unaelekea mbele, mbali nawe. Nilinunua kimoja cha namna hiyo siku chache baada ya safari yangu ya kliniki, kwa kuwa kilikuwa na sponji nene na rangi nzuri. Nilikitumia mara mbili. Ukiwa na nafasi ya kukumbuka kitu kimoja tu dukani, uangalie upana wa kalio kabla ya kugusa sponji.

Kanga, kitenge au kikoi

Kwa wengi wetu mbeleko ni kitambaa, na sioni sababu ya kukiacha kwa kuwa tu mtoto amekuwa mzito. Kinachotakiwa ni kuchagua kitambaa chenye urefu wa kutosha na kinachokamata.

Kanga moja ina urefu wa takriban mita moja na nusu na upana wa mita moja na kidogo. Kwa mama mwembamba mwenye mtoto wa kilo saba, urefu huo unatosha kufunga fundo mara mbili na kubaki na ncha. Kwa mama mwenye mwili na mtoto wa kilo kumi na moja, unabaki na ncha fupi zisizofikia fundo la pili, na fundo moja kwa mtoto mzito halikubaliki hata kidogo. Hapo kitenge ndicho suluhisho kwa sababu hukatwa kwa yadi: yadi mbili ni karibu sentimita 183, yadi mbili na nusu karibu 229. Mimi, ambaye si mwembamba, nilipata raha nilipohamia kwenye yadi mbili na nusu.

Kitambaa kiwe cha pamba. Vitenge vingi vya sasa ni vya polista, vinateleza na vinahifadhi joto, na muuzaji hatakwambia kila mara. Vuta nyuzi mbili tatu pembeni na uziwashe: za pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu laini, za polista huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Kisha, kitambaa chochote kipya kifuliwe kwanza mara mbili au tatu, kwa sababu kanga mpya huja na dondo linaloifanya iwe kavu na yenye kuteleza, na fundo lililofungwa kwenye dondo hulegea lenyewe. Kanga iliyofuliwa mara nyingi hukamata vizuri zaidi, ila ukiiinua kwenye mwanga ukaona imekuwa kama wavu, ipe heshima yake kwingine. Isimbebe mtoto mzito. Kikoi cha pamba kilichofumwa hasa, chenye matamvua, hukamata kuliko kanga na husambaza uzito vizuri, na kwa watu wa Njombe, Makete au Limuru, ambako asubuhi huwa na baridi, unene wake ni faida. Kwa Dar es Salaam, Tanga na Mombasa ungojee jua lipoe.

Namna ya kufunga ndiyo yenye mambo. Wengi tunafunga kwa kupitisha kitambaa juu ya bega moja na chini ya kwapa la upande wa pili. Ufungaji huo ni mzuri kwa mwendo mfupi, kwa mfano kutoka kituoni hadi nyumbani, nawe ukumbuke kubadilisha bega kila ukimfunga, maana mazoea ya bega moja huacha maumivu yasiyoondoka kwa kulala. Kwa mwendo mrefu, kitambaa kipite chini ya makwapa yote mawili na kufungwa juu ya matiti, na kitambaa cha pili kipite juu ya bega kukazia. Doti ya kanga ina vipande viwili, na hapa ndipo kipande cha pili kinapopata kazi yake: cha kwanza kinamkalisha, cha pili kinambana.

Mara za kwanza ufanyie kitandani au kwenye mkeka, mtu mwingine akiwa karibu. Inama kutoka kwenye nyonga, mgongo ukiwa umenyooka kama meza, na msaidizi amlaze mtoto juu ya mgongo wako, kifua chake juu kabisa, kwapa lake usawa wa bega lako. Tandaza kanga juu yake. Pindo la juu lifike chini kidogo ya shingo yake kama anakaa mwenyewe, au lishike kisogo kama amelala. Sasa lishughulikie pindo la chini, kwa kuwa siri yote ya mtoto mzito iko pale: lishushe hadi nyuma ya magoti, kisha lisukume lote kwa ndani, kati ya tumbo lake na mgongo wako, mpaka kiganja chako kihisi kwamba amekaa ndani ya kifuko na hakuna kitambaa kilichojikunja chini ya makalio. Rangi ya pindo inasaidia sana, kwa sababu aliye nyuma yako anaweza kukwambia kama linaonekana upande mmoja zaidi kuliko mwingine. Kaza ncha za juu kwanza, halafu za chini, halafu za juu tena, ndipo ufunge fundo na kulirudia. Simama polepole, urukeruke kidogo kwa magoti. Akishuka, inama tena na kuanza upya, wala usijaribu kumpandisha kwa kumtikisa huku umesimama. Nilikuwa nikifanya hivyo kila siku, na ndiko nilikoumizia kiuno.

Vibebeo vyenye mikanda

Kibebeo cha kisasa chenye mikanda miwili ya begani na mmoja wa nyonga kina asili karibu na sisi kuliko maandishi yake yanavyoonyesha. Ann Moore, muuguzi wa Kimarekani aliyekuwa Togo na Peace Corps, shirika la Marekani la watu wa kujitolea, katika miaka ya 1960, aliwaona kina mama wa huko wakibeba watoto mgongoni kwa vitambaa. Aliporudi Marekani alimwomba mama yake amshonee kitu cha kufanana, na mwaka 1969 wakapata hataza ya kibebeo cha Snugli. Kilichoongezwa tangu wakati huo ni mkanda mpana wa nyonga, nao ndio unaofanya vibebeo hivi vistahili fedha yako kama mtoto ni mzito.

Dukani uanze na mkanda huo. Uwe mpana na mgumu kiasi cha kutojikunja, na uuvae juu ya mifupa ya nyonga, ile inayochomoza pembeni ukijishika kiunoni. Ukiuvaa juu ya tumbo, uzito utarudi mabegani. Mikanda ya begani iwe mipana na ipitie katikati ya bega bila kugusa shingo, na kamba ndogo ya kuiunganisha kifuani au mgongoni isogezeke juu na chini. Kwa mtoto mzito napendelea mikanda inayoweza kuvaliwa kwa kupishana mgongoni kama herufi X ukimbeba mbele, kwa kuwa hushusha uzito kutoka shingoni. Kalio lifike magotini, na kama kibebeo kina vifungo vya kulipanua na kulipunguza, kitadumu hadi mtoto atembee. Ukubwa wa mikanda ubadilike kwa urahisi, maana mtoto habebwi na mama peke yake. Baba mwenye mabega mapana na bibi mwenye mwili mdogo wote wakivae bila kuhitaji fundi.

Muuzaji asipokuruhusu kujaribu ukiwa na mtoto, nenda na mifuko miwili ya unga wa kilo tano, uifunge pamoja kwa khanga na kuiweka ndani. Haitakuonyesha mkao wa mtoto, lakini baada ya dakika kumi za kutembea dukani utajua mkanda unaegemea wapi.

Mbeleko ya pete, ile ya kitambaa kirefu kinachopita kwenye pete mbili begani, ni rahisi kumtoa na kumwingiza mtoto na inafaa kumbeba ubavuni kwa muda mfupi. Kwa mtoto wa zaidi ya kilo tisa siipendekezi kuwa ya pekee, kwa sababu iliyotajwa ya bega moja. Pete zake zisiwe na mshono wa kuunganishia na zisiwe pete za mapambo ya mkoba.

Kuhusu mitumba, kwenye masoko ya Karume, Dar es Salaam, na Gikomba, Nairobi, utapata vibebeo vizuri sana kwa sehemu ndogo ya bei yake, na mimi mwenyewe kile ninachokitumia sasa nilikipata huko. Ukague kwa mikono zaidi ya macho. Funga na kufungua kila klipu mara kumi ukisikiliza mlio. Klipu iliyokaa juani miaka mingi huwa na rangi iliyopauka na mstari mweupe mahali inapojikunja, na hiyo itavunjika. Vuta kila mkanda kwa nguvu mahali uliposhonwa kwenye kipande cha mgongo, ukitazama kama matundu ya sindano yanapanuka. Geuza ndani nje. Sponji iliyogandamana na kuwa nyembamba kama kitambaa haitarudi, ila kibebeo ambacho uchafu tu ndio tatizo lake hufulika.

Kumpa fundi kazi ya kushona mbeleko

Kwa mtoto aliyezidi ukubwa wa vibebeo vya kawaida, fundi cherehani wa mtaani anaweza kukushonea kibebeo cha kufunga cha namna ambayo Wachina hukiita mei tai: kipande cha mstatili, mikanda miwili ya kufunga kiunoni na miwili mirefu ya mabegani, bila klipu yoyote. Hii ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote, kwa kuwa vipimo vinakuwa vya mwanao.

Mkalishe mtoto kama aliyechuchumaa, upitishe utepe wa kupimia kutoka nyuma ya goti moja, chini ya makalio, hadi nyuma ya goti jingine; huo ndio upana wa chini. Pima tena kutoka makalioni hadi chini ya shingo, na kuongeza sentimita chache kwa ajili ya kukua. Kitambaa cha kubeba uzito kiwe kaki au jinzi isiyovutika, na kitenge chako ukipendacho kiwekwe juu kama sura. Mikanda ya mabegani iwe na urefu wa karibu mita mbili kila mmoja, na upana ambao hautakata bega hata bila sponji.

Kaa na fundi wakati wa kuunganisha mikanda, umwombe kwa adabu asiharakishe. Ncha ya mkanda iingie ndani ya kipande cha mgongo sentimita kumi au zaidi, ishonwe kwa mraba wenye msalaba ndani yake, irudiwe mistari mitatu, kwa uzi mnene wa polista. Mafundi wengi wamezoea kushona mshono mmoja pembeni kama wa gauni, na kwa gauni unatosha. Kabla ya kumweka mtoto, tundika kibebeo kwenye kenchi imara au tawi, uweke ndani ndoo ya lita ishirini iliyojaa, na uiache ining'inie usiku kucha. Asubuhi chunguza kila mshono.

Wakati wa kutombeba

Mbeleko na kibebeo havilindi mtoto kwenye chombo cha moto. Mtoto mzito mgongoni mwa abiria wa bodaboda humyumbisha abiria mwenyewe, na katika ajali ya gari mwili wa mzazi aliyemfunga kifuani huwa ndio unaomgandamiza. Jikoni asiwe kifuani unaposonga ugali, unapokaanga kwa mafuta au unapopuliza jiko la mkaa, na hata akiwa mgongoni ukumbuke kwamba mkono wa mtoto wa mwaka mmoja hufika mbali.

Aliyejifungua kwa upasuaji asibebe mtoto mzito kwa mkanda unaokandamiza kidonda, na ni vyema asubiri ruhusa ya kliniki. Wakati huo kitambaa kinachofungwa juu ya matiti huwa salama zaidi kuliko mkanda wa tumbo. Ukihisi uzito wa kushuka ukeni au mkojo ukavuja unapombeba, mtue, na umweleze mhudumu wa afya bila aibu, kwa kuwa misuli ya nyonga inayohusika hutibika.

Na nina ombi moja kwa kaya zote zenye mtoto bonge. Msimfunge mgongoni mwa dada yake wa miaka minane au tisa. Mtoto wa kilo 11 ni karibu nusu ya uzito wa msichana mdogo, na mgongo wake bado unakua. Vivyo hivyo dada wa kazi aonyeshwe kufunga kama unavyofunga wewe, apewe kitenge kirefu cha kutosha mwili wake, na aruhusiwe kumtua mtoto kwenye mkeka.

Wale mlioko Ulaya, kama Uingereza, mna bahati ya vituo vinavyoazimisha vibebeo, vyenye mtu wa kuonyesha namna ya kuvivaa, ambako unaweza kujaribu aina tatu nne kabla ya kununua. Wakati wa baridi mtoto avalishwe kama kawaida na koti liwafunike wote wawili kwa nje. Koti nene kati yenu huwaachanisha, na kufunga kunalegea bila wewe kujua. Kwa sisi wa joto hesabu ni kinyume: kila tabaka la kitambaa ni nguo moja, hivyo chini ya kibebeo cha jinzi mtoto avae nepi na fulana nyepesi, na ushike shingo yake kila baada ya muda. Ikiwa ina jasho na moto, mtoe.

Siku ya kwanza ya mbeleko mpya isizidi robo saa. Ukimtua, tazama mapaja yake: alama nyepesi za mikunjo zinazopotea baada ya dakika chache ni za kawaida, lakini mstari mwekundu unaobaki, au miguu iliyopoa na kubadilika rangi, unamaanisha pindo la chini linakata na kalio linahitaji kupanuliwa. Kisha jitazame mwenyewe. Maumivu ya shingo hutokana na mikanda iliyopanda juu, bega moja linalouma hutokana na ufungaji usio sawa, na kiuno kinachouma mara nyingi kinasema mtoto yuko chini mno. Mwanangu sasa ana mwaka na miezi mitatu na kilo 12 na nusu, nami humbeba kutoka kliniki hadi nyumbani bila kusimama, fundo likiwa palepale nilipolifunga.